Je, wajua ruba wa hospitali huanza kazi akishadondoka?

Kila aliyekulia mashamba ya mpunga ana kisa cha ruba. Changu ni cha Ifakara, nikiwa na miaka tisa. Nilitoka kwenye jaruba la bibi nikaona kitu cheusi kimeganda kwenye kifundo cha mguu. Bibi alikipaka tumbaku, kikadondoka kimevimba kama kidole gumba. Kidonda chenyewe kilikuwa tundu dogo tu, lakini damu ilichuruzika tangu saa nne asubuhi mpaka jua likazama, na kitambaa cha khanga alichonifunga bibi kilibadilishwa mara tatu. “Iache itoke, mume wangu,” aliniambia. “Hiyo ni damu chafu.”

Nilikua na imani hiyo. Niliposikia kwamba hospitali za Ulaya na Marekani bado zinatumia ruba, nikadhani najua sababu: wanawawekea wagonjwa ili wanyonye damu chafu. Nilikosea mara mbili. Ruba hachagui damu, na kunyonya kwake si sehemu kubwa ya tiba.

Imani ya damu chafu ni ya kale na imebebwa na watu wakubwa. Matabibu wa Ugiriki walifundisha kuwa maradhi hutokana na kuzidiana kwa majimaji manne ya mwili. Ibn Sina, karne ya 11, aliwaeleza ruba katika Kanuni yake ya tiba. Ufaransa, daktari François Broussais aliwasifu kiasi kwamba mwaka 1833 pekee nchi hiyo iliagiza zaidi ya ruba milioni 40. Na hata leo anayepigwa chuku au kufanyiwa hijama huonyeshwa damu nyeusi iliyotoka, akaambiwa: unaona?

Anachokiona ni cha kweli, ila maelezo siyo. Damu huzunguka mwili mzima kwa takriban dakika moja, kwa hiyo hakuna pembe ambamo uchafu wake hukaa ukisubiri kutolewa. Taka za damu huondolewa na figo na ini, saa zote. Weusi ule unatokana na oksijeni iliyokwisha kuachwa mwilini. Damu hiyohiyo ikifika kwenye mapafu hurudi kuwa nyekundu ya kung'aa. Ingekuwa weusi ni uchafu, basi kila mmoja wetu angekuwa na damu chafu kwenye mishipa yote inayorudi moyoni.

Sasa ruba wa nini? Chukua seremala aliyekatwa kidole na msumeno. Daktari wa upasuaji, akitazama kwa hadubini, anakirudishia na kuunga mishipa. Ateri, inayoleta damu, ina ukuta mnene na hubaki wazi kama mpira wa kumwagilia maji. Vena, inayoirudisha, ni laini na hulala kama mfuko wa rambo uliolowa. Kuishona ni kazi ngumu mno, na mara nyingine haipatikani kabisa ya kushona. Kidole kinakuwa kama stendi ya daladala iliyofunguliwa geti la kuingilia na kufungwa la kutokea. Magari yanaingia, yanabanana, mwisho hata lile lenye abiria wapya haliwezi kuingia. Kidole kinavimba, kinakuwa zambarau, damu inaganda ndani, nyama inakufa.

Hapo ndipo ruba anapowekwa. Ana taya tatu, kila moja na meno madogo yapata 100, na huacha alama kama herufi Y. Hunyonya kati ya kijiko cha chai na kijiko cha chakula, kisha hudondoka mwenyewe. Kiasi hicho ni kidogo. Kilicho kikubwa ni mate aliyoyaacha. Ndani yake mna hirudini, protini inayoizuia thrombini. Thrombini ni fundi anayesuka nyuzi za wavu unaogandisha damu. Hirudini humshika mikono yote miwili, kwani kweli huing'ang'ania katika sehemu mbili. Wavu hausukwi, na kidonda huendelea kuvuja kwa saa nyingi. Uvujaji ule ndio geti la kutokea. Kidole hupungua zambarau na kuanza kurudi rangi yake. Ruba wapya huwekwa kwa siku kadhaa, hadi mwili uoteshe vijishipa vyake vyenyewe. Kitambaa cha bibi kilikuwa kimelowa kwa sababu hiyohiyo.

Madaktari wa Slovenia waliandika kuhusu njia hii mwaka 1960, na mwaka 1985 huko Boston iliokoa sikio la mtoto lililounganishwa upya. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaruhusu ruba, ikiwaweka kwenye kundi la vifaa tiba. Miaka mitatu baadaye watafiti walionyesha kuwa wengi waliokuwa wakiuzwa kwa jina la *Hirudo medicinalis* walikuwa spishi nyingine, *Hirudo verbana*.

Kwa maumivu ya goti ushahidi ni mwembamba. Utafiti wa Ujerumani wa 2003 ulionyesha nafuu, lakini ulikuwa na watu 51 tu, na huwezi kumficha mgonjwa kwamba ana ruba gotini. Usimchukue ruba wa bwawani kujitibu: tumboni mwake huishi bakteria wa *Aeromonas*, ndiyo maana hospitalini mgonjwa hupewa antibiotiki, na wengine, kwa sababu ya kuvuja kule, huongezewa damu. Ruba naye hutumika mara moja tu, kisha huuawa kwa spiriti.

Jambo moja wauguzi hulitazama kwa makini. Ruba mwenye njaa akiwekwa kwenye kidole akakataa kuuma, hata baada ya ngozi kudungwa ili tone la damu limvutie, huenda ateri yenyewe imeziba na hakuna damu mpya inayofika. Muuguzi humwita daktari saa hiyohiyo, kwa sababu huenda mgonjwa akahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji.