Kabla hujasaini fomu ya utafiti wa ini lenye mafuta

Wagonjwa huniletea ripoti ya ultrasaundi inayosema ini lina mafuta, kisha huuliza: "Daktari, nasikia kuna utafiti wa dawa mpya. Naweza kuingia?" Pengine. Ila wengi wanaojitokeza hurudishwa, kwa kuwa mafuta peke yake hayatoshi. Watafiti wa dawa hizi kwa kawaida humtaka mtu ambaye ini lake limevimba na kupata kovu la kiwango fulani.

Kovu tunalipima kuanzia F0, yaani hakuna, hadi F4, ini likiwa limeshakakamaa. Tafiti kubwa nyingi zimewalenga wa F2 na F3. Mwenye hepatitisi B, ugonjwa ambao huku kwetu tunao kwa wingi, kwa kawaida haingii. Mnywaji wa pombe nyingi naye hivyo hivyo: ini lake likibadilika, hatutajua ni dawa au ni chupa.

Halafu kuna baiopsi, yaani kutolewa kipande kidogo cha ini kwa sindano ili kipimwe, ambayo wengi huikimbia. Unalala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa. Unachomwa ganzi katikati ya mbavu, unaambiwa ubane pumzi, sindano inaingia na kutoka kufumba na kufumbua, na kipande kinachotoka ni chembamba kama uzi. Saa kadhaa baadaye bado umelala unapimwa presha, maana tunachohofia ni damu kuvuja ndani. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo, na anayekuambia haipo usimwamini. Mara nyingi baiopsi hurudiwa mwishoni, jambo ambalo watu hushtuka kulisikia wakiwa wameshasaini.

Linalokera zaidi ni vidonge tupu, visivyo na dawa ndani, ambavyo baadhi ya washiriki hupewa ili kulinganisha. "Yaani nitobolewe ubavu halafu nisipewe dawa?" Inawezekana, na wewe wala daktari wako hamtajua. Utafiti mmoja wa dawa ya ini lenye mafuta iitwayo resmetirom, uliopewa jina MAESTRO-NASH, uliwagawa watu 966 makundi matatu: resmetirom miligramu 80, miligramu 100, na vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 52, asilimia 29.9 ya waliopewa miligramu 100 uvimbe wao ulikuwa umetulia bila kovu kuongezeka. Kwenye vidonge tupu ilikuwa asilimia 9.7. Bila kundi hilo, watu kama hao wanaopata nafuu bila dawa tungewahesabu kuwa wameponywa na dawa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Machi 2024. Lakini angalia tena hesabu hiyo, wengi waliomeza dawa yenyewe hawakufika hapo.

Kwa Tanzania, utafiti wa dawa unahitaji kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Omba uonyeshwe. Fomu ya ridhaa nenda nayo nyumbani, uisome na mtu unayemwamini, utafute majibu haya: nikidhurika nani atagharamia matibabu? Nauli je? Dawa ikinifaa, nitaendelea kuipata utafiti ukiisha? Mama anayepanga kubeba mimba aseme mapema. Na dawa zako za kisukari usiziache ili tu ukubaliwe.