Si Kila Konokono wa Tangi Ana Kichocho

Kwa mara nyingine nimetumiwa picha ya konokono mdogo aliyenata kwenye kioo cha tangi la samaki, pamoja na swali lile lile: je, huyu ataleta kichocho nyumbani? Mara nyingi muulizaji huwa ameshatia dawa yenye shaba, ambayo huwaua konokono wote na kamba pia, kisha mizoga inaoza, amonia inapanda na samaki wanafuata. Hasara hiyo yote hutokana na imani isiyo sahihi.

Konokono hazaliwi na kichocho. Mayai ya minyoo hutoka katika mkojo au kinyesi cha mtu mgonjwa, huanguliwa majini, na kiluwiluwi huwa na saa chache tu za kumpata konokono wa jamii inayomfaa. Humo huzaana kwa wiki kadhaa, ndipo vitoke viluwiluwi vya hatua nyingine, vyenye uwezo wa kupenya ngozi ya binadamu. Maambukizi hayo hayapiti kwenye mayai ya konokono. Kwa hiyo aliyeanguliwa katika tangi lisilowahi kuingiwa na uchafu wa binadamu hana pa kuyapata, hata akiwa Bulinus halisi, yaani konokono wa jamii inayobeba kichocho. Aliyeokotwa mtaroni, au aliyejificha kwenye majani yaliyong'olewa Ziwa Victoria, ni habari nyingine kabisa. Huyo asiingie tangini wala asishikwe kwa mkono mtupu, maana aliyeambukizwa anaweza kutoa viluwiluwi kwa miezi.

Sasa utambuzi. Shika gamba ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea. Watu wamesoma kwamba mdomo wa Bulinus hufungukia kushoto, basi kila wa kushoto wanamhukumu kifo. Physa, mwenye asili ya Amerika na aliyeenea katika matangi duniani kote, naye hufungukia kushoto. Lanistes wetu wa Afrika pia yumo, ila yeye ana kifuniko cha kuzibia mdomo, na Bulinus hana. Physa mkubwa hujulikana kwa gamba linalong'aa na kwa vidole vya ngozi vinavyolikumbatia kutoka ndani, lakini akiwa mchanga, gamba peke yake halitoshi, na mimi sitoi hukumu kwa picha ya simu. Hali ni hiyo hiyo kwa Biomphalaria, mbebaji mwingine wa kichocho, aliye bapa kama kata ya kubebea ndoo: Planorbella mwekundu wa madukani ana umbo lile lile, na hata wataalamu hulazimika kumpasua au kupima vinasaba.

Mwembamba mwenye ncha ndefu, anayejifukia mchangani mchana, ni Melanoides. Ana kifuniko, habebi kichocho, na jike huzaa bila dume.

Kuwatunza si kazi kubwa. Maji yenye pH chini ya 7 hula gamba, hivyo weka chanzo cha kalsiamu, kwa mfano maganda ya mayai yaliyooshwa vizuri. Wakizidi, punguza chakula cha samaki, kwa kuwa wingi wao hufuata mabaki unayoyaacha.

Ninayemwogopa kwa dhati ni Pomacea, anayetaga vishada vya mayai ya waridi juu ya maji. Mwaka 2020 alibainika katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, ambako hukata miche michanga. Ukimkuta tangini, ponda mayai yake, mgandishe kwenye friza hadi afe, kisha mfukie. Usimwage konokono yeyote mtaroni wala mtoni.