Jembe, wembe na kijembe: ndugu wa mzizi mmoja

Wapo wanaoeleza kwamba kumrushia mtu kijembe ni kumchimba kwa maneno, kwa kuwa kijembe ni jembe dogo. Wanafunzi hulipenda jibu hilo kwa sababu linakaa akilini upesi. Lakini anayerushiwa kijembe hachimbwi, anakatwa. Tofauti hiyo inaonekana vizuri tukiifuata historia ya jembe lenyewe.

Jembe halikuja na meli kama parafujo, tuliyoipata kwa Wareno, wala halikutoka kwa Waingereza kama spana. Ni neno la Kibantu, na ndugu zake wametapakaa. Wasukuma na Wanyamwezi husema igembe, Wakamba iembe, Wagikuyu icembe. Hao wote wanataja kifaa cha kulimia. Ukishuka hadi kwa Wazulu, izembe si la kulimia tena, ni shoka. Nao Wanyarwanda wanaposema urwembe, wanakusudia wembe. Neno lile lile linapotaja jembe hapa, shoka kule na wembe kwingine, kinachobaki kuwa sawa kwa wote ni makali. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo maana ya msingi: chuma chenye makali, kiwe cha kulimia, cha kukatia au cha kunyolea.

Kiswahili kimeidondosha g ya zamani katika maneno kadhaa. Waganda husema okugenda, Wanyarwanda kugenda, sisi twasema kwenda. Vivyo hivyo, mzizi -gembe ukabaki -embe. Ukitanguliwa na ji-, ile ile ya jicho na jino, tunapata jembe. Ukitanguliwa na u-, kiambishi kinachopenda vitu virefu na vyembamba kama ukuta, uzi na ufito, tunapata wembe, na wingi wake nyembe. Kwa jino tunasema meno, ile ji- inaondoka. Kwa jembe hatusemi membe, tunasema majembe: wasemaji walishaihesabu ji- kuwa sehemu ya neno lenyewe, kama walivyofanya kwa jina na majina.

Kijembe nacho kimeundwa hapo hapo. Kabla hakijawa maneno, kilikuwa kisu kidogo chenye makali, cha kunyolea au cha kuchanjia ngozi. Aliyepigwa chale anaijua kazi yake: mkato mdogo, mwembamba, unaowasha baada ya mkono wa mkataji kuondoka. Maneno ya mafumbo hufanya vivyo hivyo, na waimbaji wa taarabu wanalijua jambo hili kuliko sisi tunaoandika kamusi. Kwa maana, basi, kijembe kiko karibu na wembe kuliko kilivyo karibu na jembe la shambani.

Hilo la shambani limepewa heshima kubwa, na lilistahili. Katika karne ya 19, majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa magharibi mwa Tanzania ya leo yaliuzwa na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine Unyamwezi, na yalihesabiwa katika mahari. Kumpelekea mkwe majembe kulikuwa kumpelekea mali, maana chuma kilihitaji tanuri, mkaa mwingi na fundi anayejua kazi. Leo jembe limo katika nembo ya taifa la Tanzania, limepishana na shoka, na limo pia katika bendera ya CCM pamoja na nyundo.

Vijana wameongeza maana nyingine: mtu hodari anaitwa jembe. Nimesikia wakikosolewa kwamba wanaharibu lugha, na sikubaliani na ukosoaji huo. Wanasema "jembe letu limerudi uwanjani" na pia "jembe amerudi", na njia zote mbili zinaeleweka, kama tunavyosema "rafiki yangu amerudi" ingawa wingi wake ni marafiki. Maana hii inastahili kuingizwa katika kamusi. Kijembe nacho kipewe kidahizo chake, yaani kiorodheshwe kama neno linalojitegemea, kikielekezwa kwa wembe, kisiachwe chini ya jembe kana kwamba ni cha kulimia.