Kung'oa gego la juu: ganzi ichomwe wapi?

Kwa nini gego moja la juu huchomwa sindano mbili?

Jino na ufizi wa upande wa shavu hupata hisia kutoka neva moja, ufizi wa upande wa kaakaa kutoka neva nyingine kabisa. Ukichoma shavuni tu, jino linaweza kufa ganzi vizuri, lakini kifaa kikianza kuutenga ufizi wa kaakaa mgonjwa anaruka kitini.

Ya shavuni huchomwaje?

Sindano huingia kwenye mkunjo ambapo shavu linaungana na ufizi, juu ya gego, ncha yake ikilenga usawa wa ncha za mizizi. Daktari huvuta kidogo kwanza kuona kama damu inaingia. Ikiingia, anahamisha ncha. Kisha husukuma katriji (kichupa cha dawa kinachowekwa kwenye sindano) moja ya ml 1.8 ya lidokeini, dawa ya ganzi, asilimia 2 yenye adrenalini inayobana mishipa ya damu, polepole, kwa dakika moja hadi mbili, na kungoja dakika 3 hadi 5. Kungoja huku ndiko kunakorukwa zaidi, halafu dawa inalaumiwa.

Mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una vitundu, ndiyo maana dawa hupenya. Gego la kwanza ni kaidi kidogo: mfupa ulio juu yake ni mnene kwa sababu shina la mfupa wa shavu linaanzia hapo, na kwa baadhi ya watu mzizi wake wa mbele una neva yake. Dozi ndogo ikiongezwa mbele kidogo ya gego hilo kwa kawaida inatosha.

Na ya kaakaani, mbona inauma hivyo?

Nyama ya kaakaa imebana mfupa, dawa haina pa kutandazika. Kinachosaidia: kausha kwa pamba, paka jeli ya ganzi dakika 1 hadi 2, kandamiza kwa kijiti cha pamba mpaka pageuke peupe, kisha choma kando ya kijiti huku ukiendelea kukandamiza. Ml 0.2 hadi 0.4 zinatosha. Ukilazimisha nyingi, hasa yenye adrenalini, damu hukatika na kidonda huweza kutokea baadaye.

Kuna sindano moja ya magego yote?

Ipo, ya kuzuia neva nyuma ya taya la juu. Ncha huelekezwa juu, ndani na nyuma, kina cha takriban mm 16 kwa mtu mzima. Ikizidi kina hugusa mtandao wa vena (mishipa ya damu) uliopo huko, na shavu huvimba kwa damu ndani ya dakika chache. Haifai kwa mwenye tatizo la damu kuganda. Na kaakaa bado litahitaji sindano yake. Kwa gego moja tu, kwa maoni yetu, hatari hiyo haina sababu.

Atikaini inaondoa sindano ya kaakaani?

Mara nyingi, si daima. Atikaini, dawa nyingine ya ganzi, ya asilimia 4 hupenya mfupa vizuri, na magego mengi ya juu yameng'olewa kwa sindano ya shavuni pekee. Usikisie: ngoja, kisha gusa ufizi wa kaakaa kwa ncha kali. Mgonjwa akisema "kinachoma", ongeza ya kaakaani. Akisema "nasikia kinasukuma", endelea; ganzi haiondoi hisia ya msukumo.

Angalia vipimo pia. Katriji moja ya atikaini ina miligramu 72, ya lidokeini 36. Mtoto wa kilo 20, hata kwa kikomo cha juu cha miligramu 7 kwa kilo, haruhusiwi kuzidi 140. Katriji mbili za atikaini, 144, tayari zimepita.

Nimechomwa lakini mdomo wangu haujafa ganzi. Imeshindwa?

Huenda hapana. Neva ya magego ya juu haiendi mdomoni, kwa hiyo mdomo wa juu unaweza kubaki na hisia zake zote huku jino likiwa limekufa ganzi. Kipimo ni ufizi unaozunguka jino lenyewe. Kunapokuwa na usaha ndipo ganzi hushindwa kweli: asidi ya uvimbe huidhoofisha dawa kabla haijaingia kwenye neva, na hapo ile sindano ya nyuma ya taya, mbali na jipu, inapata kazi yake.