Pampu ya nyuma katika giaboksi ya otomatiki

Pampu ya nyuma ni pampu ya oili iliyofungwa mwishoni mwa giaboksi, upande wa propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma), ikizungushwa na magurudumu yenyewe. Pampu ya mbele huzungushwa na injini. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gari lililozimika njiani linaweza kuvutwa kutoka Nzega hadi Tabora, zaidi ya kilomita 100, giaboksi ikabaki salama.

Kwenye otomatiki, oili hailainishi tu. Mgandamizo wake ndio unaobana klachi na bendi (mikanda inayokaba sehemu zinazozunguka) ili gia ishike. Injini ikizima, pampu ya mbele inasimama, mgandamizo unakwisha, na nguvu ya magurudumu haifiki tena kwenye injini. Ndiyo maana vijana wanaweza kulisukuma gari la otomatiki la siku hizi kutoka Kitete hadi stendi na lisiwake.

Za zamani ziliwaka. Hydra-Matic, otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, iliyoingia na Oldsmobile za 1940, ilikuwa na pampu zote mbili. Powerglide ya Chevrolet ya 1950 vilevile. Gari likishika mwendo wa kutosha, pampu ya nyuma ilijenga mgandamizo, klachi zikabana, injini ikazunguka. Msaada huo ulihitajika kweli, maana magari mengi ya Marekani yalikuwa bado yanatumia umeme dhaifu wa volti 6.

Umeme ulipoimarika, pampu ya pili ikaonekana mzigo: vipuri zaidi, gharama, na nguvu inayoliwa bure. Turbo-Hydramatic 400 ya 1964 ilikuja bila hiyo, na TorqueFlite ya Chrysler ikaiacha kwenye matoleo ya 1966. Zote mbili zinasifiwa hadi leo kwa uimara, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema giaboksi zilidhoofishwa. Kazini hazikupungukiwa kitu. Kilichoondoka ni kinga ya gari linapovutwa.

Na hapo ndipo tunapoumia. Mark II na Crown zetu nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiivuta kwa kamba ikiwa niutro, magurudumu yanazungusha shafti ya nyuma ya giaboksi na gia zilizounganishwa nayo, huku oili imetulia chini kwenye sampu, yaani beseni lake, kwa kuwa hakuna pampu ya kuipandisha. Bushi, yaani pete ambazo shafti huzungukia ndani yake, zinakauka, zinapata moto, zinakwaruzika. Huenda giaboksi ikafanya kazi siku kadhaa kisha ikafa, na lawama zote akaangushiwa fundi ambaye hakuwepo gari likivutwa.

Brekidauni ya kulipakia gari zima ndiyo njia bora. Ikikosekana, inua magurudumu ya nyuma, au fungua propela kwenye difu (boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma) kabla ya kufunga kamba. Ukiifungua, ifunge kwa waya imara chini ya bodi ili isianguke, na usiichomoe kwenye giaboksi, maana oili itamwagika kwa nyuma.