Ruzuku ya Serikali kwa Watafiti na Walimu: Fedha za Nani, kwa Kazi Gani?

Ruzuku ya utafiti ni fedha za umma ambazo serikali, kupitia wizara, tume au mfuko maalumu, huipa taasisi ili kazi fulani ya kitaaluma ifanyike ndani ya muda uliopangwa. Zikitumika ipasavyo hazirudishwi. Hata hivyo si zawadi, na katika maelezo hayo kuna neno ambalo waombaji wengi hulipita mbio: taasisi. Mara nyingi anayeingia makubaliano na serikali ni chuo, shule au kituo cha utafiti. Mtafiti mkuu anaongoza kazi na kubeba lawama ikiharibika, lakini fedha zinaingia kwenye akaunti ya mwajiri wake. Ndiyo maana andiko la mradi, yaani maombi ya maandishi ya ruzuku, huhitaji sahihi ya chuo hata kama wazo lote limetoka kichwani mwa mhadhiri mmoja.

Ruzuku huchanganywa sana na ndugu zake. Ufadhili wa masomo humlipia mtu asome, na mafanikio yake ni shahada. Tuzo humpongeza mtu kwa jambo alilokwisha kulifanya. Zabuni ndiyo inayochanganya zaidi, kwa sababu nayo ina andiko, bajeti na ushindani. Katika zabuni, serikali inajua inachonunua, kwa mfano tathmini ya mtaala ikabidhiwe tarehe fulani, na isipokabidhiwa mzabuni halipwi. Katika ruzuku, serikali inalipia swali ambalo jibu lake halijulikani. Mtafiti aliyedhani mbinu yake ya kufundisha hesabu ingeinua ufaulu, akafanya jaribio kwa uaminifu na kukuta haikuinua chochote, hajavunja masharti. Ametimiza kazi yake, na wengine wameepushwa gharama ya kurudia jaribio lile lile.

Kwa nini walipa kodi wagharimie maswali ya aina hiyo? Kwa sababu kampuni hulipia utafiti unaoelekea kuleta faida kwake, tena mapema. Mwaka 1966 mwanabiolojia Thomas Brock alikuwa akichunguza viumbe wanaoishi kwenye chemchemi za maji moto za hifadhi ya Yellowstone, kwa fedha za serikali ya Marekani. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeona faida pale. Lakini bakteria waliopatikana, Thermus aquaticus, wana kimeng'enya kinachostahimili joto kali, na miaka ya 1980 kimeng'enya hicho ndicho kilichorahisisha teknolojia ya PCR ya kunakili vinasaba. Kary Mullis, aliyebuni PCR, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Maabara nyingi zilizopima UVIKO-19 zilitumia mbinu hiyo hiyo.

Upande wa pili nao una wasemaji wake. Kuanzia 1975 hadi 1988 seneta wa Marekani William Proxmire alikuwa akitangaza hadharani matumizi ya serikali aliyoyaona ya kipuuzi, na wa kwanza kuangukiwa na fimbo yake ulikuwa Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo, NSF, uliotoa dola 84,000 kuchunguza kwa nini watu hupendana. Alikosea mara kadhaa, kwa maoni yangu, lakini swali lake ni halali: fedha ni za umma, na umma una haki ya kuuliza. Maandiko ya leo yana kurasa nyingi za kueleza manufaa kwa jamii kwa sababu swali hilo halikuisha. NSF yenyewe, iliyoanzishwa 1950, hupima kila andiko kwa vigezo viwili: ubora wa kitaaluma, na manufaa mapana nje ya taaluma. Andiko lenye sayansi safi na aya mbili za juu juu kuhusu manufaa huonekana limeandikwa na mtu aliyejibu nusu ya mtihani.

Watoaji ni wengi. Marekani ina NSF kwa sayansi, NIH kwa afya na NEH kwa historia, lugha na falsafa. Umoja wa Ulaya una Horizon Europe, mpango wa 2021 hadi 2027, na ndani yake Baraza la Utafiti la Ulaya, ERC. Kwa walimu na vyuo upo Erasmus+, unaolipia mabadilishano ya wakufunzi na miradi ya ushirikiano, ikiwemo ya kujenga uwezo wa vyuo vilivyo nje ya Ulaya. Tanzania ina COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986; Kenya ina Mfuko wa Taifa wa Utafiti chini ya sheria ya 2013. Kwa majina wanatofautiana, ila ukishaelewa jinsi mmoja anavyofanya kazi, wengine hawakupi shida.

Kinachoitwa fursa ya ruzuku ni tangazo, au wito wa maandiko: waraka unaosema serikali inataka nini, nani anaruhusiwa kuomba, kiasi gani kipo, kazi ifanyike kwa muda gani, andiko liwe na kurasa ngapi na mwisho wa kupokea ni lini. Zipo za aina mbili kubwa. Nyingine huacha mada wazi. ERC, kwa mfano, haikupangii cha kuchunguza. Nyingine ni lengwa: malaria, lishe shuleni, usalama wa mitandao, ufundishaji wa sayansi. Hapa ndipo waombaji wazuri wanapopotea. Mtu ana mradi wake wa siku zote, anaona wito wenye neno moja linalofanana na mradi huo, anabadilisha kichwa cha habari na kutuma. Wito lengwa ni swali la serikali, na jopo la wahakiki, wanataaluma wanaopima maandiko, litaangalia kama limejibiwa. Uzuri wa jibu la swali jingine hautamsaidia.

Nikiulizwa pa kuanzia kusoma, nitasema sehemu ya sifa za mwombaji, kabla ya kiasi cha fedha. Ni kavu, haina mvuto, na ndiyo inayookoa miezi ya kazi. Mwalimu wa sekondari anayetaka kupima mbinu mpya ya kufundisha sehemu na desimali anaweza kukuta wito wa utafiti wa elimu unaopokea taasisi za elimu ya juu peke yake. Hajafungiwa mlango. Anaweza kuingia kama mtafiti mwenza chini ya mhadhiri wa chuo cha ualimu, shule yake ikawa mshirika mwenye fungu lake katika bajeti. Lakini lazima alijue hilo mapema, maana chuo kina taratibu zake za kupitisha andiko na hakitatia sahihi jioni ya siku ya mwisho. Mambo mengine ya kutazama hapo ni uraia au mahali pa kazi, miaka tangu kupata shahada ya uzamivu, na idadi ya maandiko ambayo taasisi moja inaruhusiwa kutuma. Kikomo hiki cha mwisho huwashtua watu: chuo kikiruhusiwa maandiko mawili, kuna mchujo wa ndani hata kabla ya ushindani wenyewe kuanza.

Andiko lenyewe lina tatizo linalochunguzwa, yaliyokwisha kujulikana, pengo, mbinu, ratiba, timu, bajeti na maadili ya utafiti. Urefu hauna mjadala. NSF kwa kawaida hutoa kurasa 15 za maelezo ya mradi, na andiko linalokiuka kanuni za maandalizi linaweza kurudishwa bila kusomwa. Wapo wanaoona huo ni ukali usio na maana. Mimi naona ni haki: aliyejibana ndani ya kurasa zake asishindwe na aliyejiongezea tatu.

Bajeti inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wahakiki wengi huitumia kupima kama mwombaji anaijua kazi yake. Chukua mstari huu: "Kompyuta mpakato 3, kwa matumizi ya mradi." Hausemi kitu. Uandikwe hivi: "Kompyuta mpakato 3, moja kwa kila msaidizi wa utafiti, wataingiza majibu ya wanafunzi wa shule 24 siku hiyo hiyo ya mtihani ili makosa yasahihishwe kabla ya kuondoka shuleni. Mradi ukiisha zitabaki maabara ya idara." Bei ni ile ile, lakini sasa mhakiki anaona shule, wasaidizi na sababu. Na akirudi kwenye sehemu ya mbinu akakuta shule 20 badala ya 24, imani yote inapungua. Namba za bajeti na za mbinu lazima zilingane, na huwa hazilingani mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa sehemu hizo zimeandikwa na watu wawili tofauti usiku tofauti.

Mshahara nao una kanuni zake. Ruzuku nyingi hulipa wasaidizi na wanafunzi wa uzamivu bila shida, lakini kwa mhadhiri mwenye ajira huweka mipaka. NSF kwa kawaida hailipi zaidi ya miezi miwili kwa mwaka ya mshahara wa mtafiti mwandamizi, kwa ruzuku zake zote zikijumlishwa. Anayedhani ruzuku itamtajirisha amebisha hodi nyumba isiyo yake.

Kisha zipo gharama zisizo za moja kwa moja: umeme wa maabara, maktaba, ulinzi, ofisi ya uhasibu. Hakuna mradi unaoweza kusema umetumia umeme kiasi gani wa jengo zima, kwa hiyo huwekwa asilimia. Horizon Europe huongeza asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika. Nchini Marekani, taasisi isiyo na kiwango ilichokubaliana na serikali inaweza kutumia asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabiwa, iliyopanda kutoka 10 mwezi Oktoba 2024; vyuo vikubwa vina viwango vya juu zaidi vilivyojadiliwa, na ugomvi kuhusu viwango hivyo ni wa kisiasa kabisa. Watafiti hulalamika kwamba chuo kinawakata. Malalamiko mengine ni ya kweli, hasa chuo kinapochukua fungu lake na ofisi ya manunuzi ikakaa na ombi la kemikali miezi mitatu. Lakini bila fungu hilo hakuna wa kuandaa taarifa za fedha ambazo serikali itazidai.

Andiko likipokelewa hupelekwa kwa wahakiki, wanataaluma wenzake mwombaji, halafu aghalabu kwa jopo. NIH hutumia alama 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora, jambo linalowachanganya wageni. Mhakiki ana rundo la maandiko, na mengi yako nje kidogo ya ubobezi wake. Ukurasa wa kwanza usipomwambia nini kitafanyika na kwa nini sasa, ameshachoka.

Na bahati ipo. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionesha kwamba wahakiki waliosoma maandiko yale yale kwa mtindo wa NIH walikubaliana kidogo sana kuhusu alama. Huko Australia, watafiti waliohesabu muda uliotumika kuandaa maandiko 3,727 ya mzunguko mmoja wa ruzuku za afya wa 2012 walipata jumla ya takriban miaka 550 ya kazi, na karibu andiko moja tu kati ya matano lilipata fedha. Ndiyo sababu baadhi ya nchi zimeanza kutumia bahati nasibu kwa maandiko yaliyovuka kiwango cha ubora. New Zealand ilianza na fungu la ruzuku za afya mwaka 2013. Uswisi tangu 2021 inaitumia pale maandiko yanapofungana. Mwanzoni nililiona wazo hili kama kukwepa wajibu. Sasa naliona ni ungwana: afadhali kukiri kwamba kati ya maandiko mawili yaliyolingana hakuna lililo bora, kuliko kutunga sababu.

Kwa hiyo kukataliwa si hukumu ya wazo. Maoni ya wahakiki ndiyo mali ya kubaki nayo. NIH huruhusu andiko lililokataliwa lirekebishwe na kurudishwa mara moja ndani ya miezi 37, likiwa na ukurasa unaojibu maoni hayo. Ukurasa huo uwe wa adabu. Mhakiki akiwa hakuelewa, andika kwamba sehemu ile haikuwa wazi na sasa imeandikwa upya, hata kama unaamini hakusoma.

Ukikubaliwa, kazi inageuka kuwa ya karatasi. Kibali cha maadili lazima kipatikane kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuhojiwa, na kwa watoto idhini ya wazazi inahitajika pamoja na ridhaa yao wenyewe. Taarifa za maendeleo hutolewa kila mwaka au kila nusu mwaka, na awamu inayofuata ya fedha huweza kuzuiwa zikichelewa. Kuhamisha kiasi kikubwa kutoka fungu la safari kwenda la vifaa mara nyingi huhitaji ruhusa ya maandishi kabla ya kununua. Fedha zinazobaki bila kutumika, kwa kawaida hurudi serikalini. Serikali ya Marekani hutaka kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitatu tangu taarifa ya mwisho ya fedha, na mkaguzi anaweza kuja mtafiti akiwa amekwisha kuhama chuo. Hatauliza kama warsha ya walimu ilikuwa nzuri. Ataomba orodha ya waliohudhuria, yenye sahihi, na ailinganishe na idadi ya chakula kilicholipiwa.