Zeze Darasani: Pale Sayansi, Ufundi na Muziki Vinapohitajiana

Katika kazi yangu ya kuwaendeleza walimu wa shule za msingi hapa Dodoma, swali ninaloulizwa mara nyingi ni namna ya kuunganisha sayansi, teknolojia na sanaa pasipo kumwongezea mwalimu mzigo. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umelipa swali hilo uzito zaidi, kwa kuwa Sanaa na Michezo ni somo lenye nafasi yake kwenye ratiba. Hata hivyo, ninachokikuta madarasani mara nyingi ni mwanafunzi kufundishwa sehemu za sikio, kisha kuambiwa alichore na kulipaka rangi. Nami nilifundisha hivyo kwa miaka mingi. Mchoro ule hauhitaji sayansi, wala sayansi ile haihitaji mchoro. Vimekaa jirani tu.

Masomo huungana pale kitu kimoja kinapokataa kukamilika mpaka yote yaitwe. Kwetu Ugogoni, kitu hicho ni zeze, ala ambayo hayati Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliipigia katika kumbi za mbali na nyumbani.

Katika shule moja wilayani Chamwino tuliunganisha vipindi viwili vya Darasa la Tano, yaani dakika 80. Kila kundi lilikuwa na kopo tupu la rangi, fimbo iliyonyooka na uzi mmoja wa chuma uliochambuliwa kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Watoto walipima sentimita 60 za uzi unaotetema, wakaukaza, wakaupiga. Kisha wakaubana katikati, kwenye sentimita 30, wakaupiga tena. Msichana mmoja alisema, "Mwalimu, ni sauti ileile, ila imekuwa ya kitoto." Hakuna fasili ya kitabuni iliyowahi kunifaa kuliko hiyo.

Programu ya simu ilionyesha kwamba uzi mzima ulitetema mara 196 kwa sekunde. Kwa kuwa urefu ukipungua nusu mitetemo huongezeka maradufu, walikokotoa 392. Simu ikaonyesha 398. Mwalimu wa darasa alitaka kupita haraka, akidhani simu imekosea. Nilimwomba asubiri, kwa sababu hapo ndipo somo lenyewe lilipokuwa. Baada ya kubishana na kujaribu, kundi moja liligundua kwamba kidole kinapoubana uzi huuvuta pia, na uzi uliovutwa hutoa sauti ya juu zaidi. Wakapunguza nafasi kati ya uzi na fimbo, na tofauti ikapungua. Kupima, kutengeneza na kusikiliza vilikuwa vimekuwa kazi moja, bila yeyote kutangaza kwamba sasa tunahamia somo jingine.

Mchana, mazeze yaliyoachwa juani yalishuka sauti, kwani chuma kikipata joto hurefuka na uzi hulegea. Nilishauri walimu waliandike tukio hilo ubaoni kama swali. Upimaji nao unapaswa kufuata mkondo huo: mwanafunzi aeleze kwa nini zeze lake limeshuka sauti, alikaze, kisha apige wimbo ambao wenzake wanaweza kuuimba. Anayeeleza bila kuweza kulirekebisha bado hajamaliza, na anayelirekebisha bila kueleza vilevile.

Tulimwalika pia mzee mmoja mpiga ilimba, ala ya Kigogo yenye vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Watoto walimsalimu, "Mbukwenyi, babu," naye akawaonyesha vitundu kwenye ubao wa ala yake, vilivyozibwa kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Utando huo hutetema pamoja na sauti na kuipa mvumo. Mvulana mmoja aliuliza kama karatasi ingefaa badala yake. Babu hakujibu, alimpa ala.

Wiki iliyofuata walikuja na utando walioubandua nyuma ya mlango wa jikoni, karatasi ya pipi na ganda jembamba la kitunguu, wakaomba simu ili wavilinganishe.